Kipimajoto cha Mzee Meitamei

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Maana yake, anayeona haya kuonyesha shida yake hapati wa kumsaidia. Nusura haya imponze Soipan, mke wa Lemein, pale Kitengela.

Asubuhi hiyo alikuwa akipangusa kabati la vyombo, mwanawe Saruni wa miezi minane akitambaa sakafuni. Kitambaa kikagusa kipimajoto cha kioo cha baba mkwe wake, Mzee Meitamei, ambacho mzee hupimia ndama homa kwake Kajiado. Kikaanguka, pa! Zebaki ikatawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Kwao mke wa mwana hata kula mbele ya baba mkwe hali, sembuse kusimama amweleze makosa! Na mzee, aliyekisahau hapo juzi, alikuwa njiani kukichukua. Soipan akashika ufagio. Tone moja likawa kumi, kumi yakawa hayahesabiki. Akayafunika kwa zulia. Akaketi, akainuka, akachungulia dirishani, akaketi tena.

"Hodi! Mama Saruni, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Alikuwa jirani yake Mutheu, Mama Nzula, mfanyakazi wa usafi katika zahanati.

"Hakuna kitu, Mama Nzula."

"Hakuna kitu, na jasho linakutiririka hivyo?"

Saruni akainua ukingo wa zulia, kidole mbele. Soipan akamnyakua, machozi yakamtoka, akasema yote.

"Uui! Toka nje na mtoto! Viatu acha hapo mlangoni. Moshi wa hiyo kitu hauonekani wala haunuki, lakini unaharibu akili ya mtoto. Na ufagio usishike tena!" Mutheu akafungua madirisha, akafunga mlango wa chumba, akampigia simu afisa wa afya.

Afisa alikuja na glavu. Matone makubwa akayazoa kwa kadi ngumu, madogo akayanasa kwa utepe wa gundi, yote akayatia katika chupa yenye kifuniko. Zulia na ufagio akavifunga ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki. Akaagiza mtoto apelekwe akapimwe, kisha akauliza, "Kuna kingine kama hiki kwenu?"

Soipan hakujua. Aliyejua ndiye huyo aliyekuwa akiingia langoni na fimbo yake.

Miguu ilitaka kukimbia. Soipan akainamisha kichwa, akasema, "Baba, nimevunja themomita yako. Nikaificha."

Mzee alichorachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Kisha akakohoa.

"Nkerai ai, mtoto wangu, hata mimi nilivunja ingine mwezi jana. Nikaifagia chini ya kitanda cha wageni. Niliogopa mama yenu atanicheka."

Soipan alishika kifua. Kitanda hicho ndicho ambacho yeye na Saruni wangelalia Jumamosi hiyo, wakienda kumtembelea mzee.

"Twende Kajiado sasa hivi," afisa akasema, akibeba chupa nyingine. Mzee akatangulia, kofia ameivuta hadi machoni.

Ulimi mmoja ulifunguka, nyumba mbili zikapona. Hakika, mficha uchi hazai.