Ruhusa ya Kutia Chumvi

Paukwa!
*Pakawa!*
Chungu kiko wapi?
*Kiko mekoni, chatokota!*
Basi sogeeni, niwapakulie.

Hapo kale, katika mji wa Kichangani, palikuwa na mfalme aitwaye Kondo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliupenda mji wake, akatamani utajirike. Ila aliamini kwamba mji mzima unatoshwa na kichwa kimoja, na kichwa hicho ni chake. Akapiga mbiu: asifanye mtu kazi yoyote kabla ya kuomba ruhusa kwa mfalme.

Watu wakaomba. Mkulima akaomba kupalilia. Ruhusa ikachelewa, magugu yakameza mtama. Mwoka mikate akaomba kuwasha tanuri. Ruhusa ikachelewa, unga ukachacha. Bibi Mashavu, mfinyanzi, akaomba kufinyanga mtungi wenye mishikio miwili, maana wachota maji walilalamika kwamba mitungi ya kale inateleza mikononi. Ruhusa ikachelewa, udongo ukakauka, ukapasuka.

Soko likanyauka. Mfalme akahuzunika, akadhani watu wamekuwa wavivu. Akaikaza amri.

Siku moja Bibi Mashavu akamkuta mdogo wake, Mwanakhele, anafunga mizigo. Watoto watatu wamekaa juu ya mikeka iliyokunjwa. Mwanakhele akamwambia anahama, aende popote ambapo mtu huamka akashika jembe lake. Bibi Mashavu akashikwa na uchungu, maana ndugu mwingine hakuwa naye. Akamwomba siku tatu tu.

Akazunguka nyumba kwa nyumba, na katika kila mlango akasema neno lilelile:

"Tusimkaidi mfalme. Tumtii. Tumtii mpaka achoke."

Mnamwona mama huyo? Ngojeni.

Siku ya kwanza, ua wa mfalme ukafurika. Huyu aomba kufagia, yule aomba kukohoa, mwingine aomba kumbembeleza mwanawe. Mfalme akajibu mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya pili, mpishi hakutulia jikoni. Akaja kuomba ruhusa ya kuosha mchele. Akaja kuomba ruhusa ya kuchochea moto. Akaja kuomba ruhusa ya kutia chumvi. Aliporudi na ruhusa ya chumvi, wali umeungua. Mfalme akashinda njaa.

Siku ya tatu, kinyozi akamnyoa shavu la kulia, akauweka wembe chini, akaenda kusimama mwisho wa foleni aombe ruhusa ya shavu la kushoto. Na foleni, wenzangu, ilifika mtoni. Mfalme akakaa na nusu ya ndevu, jua likapanda, jua likashuka. Akajipapasa shavu hili, akajipapasa lile, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watu nao wakacheka.

Ikafika zamu ya Bibi Mashavu.

"Na wewe, bibi, waomba nini?"

"Ombi langu lilelile, Mfalme wetu. Mtungi wenye mishikio miwili."

"Uliniomba lini?"

"Kabla ya mvua za vuli."

Mfalme akatazama nje. Mvua za masika zilikuwa zinaanza kudondoka. Kicheko kikamwisha. Akaagiza ngoma ya mbiu ipigwe tena: kila mtu afanye kazi yake aijuavyo, mfalme atalinda njia na visima, na kuamua ugomvi.

Mwanakhele akafungua mizigo. Watu wakajaribu haya na yale. Bwana mmoja alipanda matikiti kilimani yakamfia yote. Akapanda ufuta, ukakubali. Mwoka mikate akatia iliki kwenye unga, harufu ikawaita wageni kutoka ng'ambo ya mto. Na mitungi ya Bibi Mashavu ikabebwa mpaka miji ambayo yeye mwenyewe hakuijua kwa jina. Ukipita Kichangani siku ya soko, huoni pa kuweka mguu.

Mfalme wa jirani akaja, akashangaa. Akamuuliza Kondo ni dawa gani aliyoutilia mji wake.

"Sikutia dawa," akasema Kondo. "Nilikuwa nimekaa mlangoni pao. Nikasogea."

Na mimi hapo nainua mwiko. Palipokolea, gawaneni, palipopwaya, niachieni mpishi.