Jina la Mtoto wa Mwajabu

Nawawekea shauri moja, wakubwa kwa wadogo. Lisikilizeni hadi mwisho, kisha mnisaidie kuliamua.

Katika njia panda ya Segera, nyuma ya maegesho ya malori, palikuwa na nyumba ya wageni ambamo wanawake wanne walijipatia riziki kwa kuuza miili yao. Chausiku alijaliwa kusema mambo wazi. Mwantumu alijaliwa sikio jepesi. Tabia alijaliwa uso mkavu. Wa nne, Mwajabu, mjane wa miaka ishirini na sita, alikuwa mgeni wa kazi hiyo, na alichokuwa nacho kwa wingi ni aibu.

Chausiku ndiye aliyemfunza. Alimwambia kwamba mwanamume asiyetaka kondomu haingii chumbani. Kwamba akiivua kwa hila, kosa ni lake wala si la mwanamke. Na kwamba ipo dawa ya kuzuia virusi, mradi iwahiwe kabla ya siku tatu kupita. Mwajabu akamuuliza aliyajuaje hayo.

"Mimi sikuwahi, mdogo wangu," akajibu. "Ndiyo maana nameza vidonge kila siku."

Siri hiyo Chausiku alikuwa hajamwambia mtu.

Mwantumu alikaa chumba cha pili. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kuweka kikombe cha bati kando ya kila kitanda. Aliyezidiwa hugonga ukuta, na jirani huacha lolote alilonalo. Mchana wa Jumanne, tarehe 10 Mei 2016, dereva aitwaye Shomvi alikubali masharti yote ya Mwajabu, kisha akaivua kinga kwa siri. Mwajabu alipotambua, akamtaka aache. Shomvi akacheka.

"Wewe nawe una mipaka? Mimi mpaka ninaoujua uko Horohoro, wa kuingilia Kenya."

Mwajabu akagonga. Mwantumu akausukuma mlango kwa bega, na ndani akamkuta mwanamume aliyekuwa amemwahidi yeye ndoa. Alisimama kidogo tu.

"Toka," akamwambia, "na posa yako uondoke nayo."

Kesho yake Mwajabu alikataa kwenda kituo cha afya, akisema watu wote wangeusoma uso wake. Tabia akamshika mkono, wakaenda. Kwenye foleni alikuwa ameketi mkaza mwana wa Tabia, ambaye miaka yote aliamini kuwa mama mkwe wake ni mpishi wa hoteli. Tabia angeweza kurudi. Badala yake alisogea dirishani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani:

"Sisi ni wa gesti. Mwenzangu amevuliwa kinga bila ridhaa yake. Tumefuata dawa."

Macho yote yakamgeukia yeye. Hakuna aliyemtazama Mwajabu. Tangu siku hiyo Tabia hajaletewa wajukuu.

Mwajabu alimeza dawa mwezi mzima, na mwezi Agosti vipimo vikathibitisha kwamba yu mzima. Aliiacha kazi ile, akaolewa na fundi seremala wa Korogwe aliyeelezwa yote, akajifungua binti. Ndugu za mume hawakuelezwa lolote.

Ijumaa, tarehe 16 Februari 2018, mtoto alipaswa kupewa jina. Kwao mtoto hurithi jina la somo mmoja tu, naye somo husimama mbele ya watu, humpokea mtoto, na kueleza alimfaa nini mama yake. Wale watatu walialikwa. Waliketi nyuma, karibu na masufuria, kanga zimevutwa hadi kwenye nyusi.

Mama mkwe wa Mwajabu akamwinua mtoto. "Somo ni nani? Ajitokeze."

Hakuna aliyeinuka. Chausiku akanong'ona apewe Tabia, aliyepoteza wajukuu. Tabia akasema ni haki ya Mwantumu, aliyepoteza mume. Mwantumu akasema bila Chausiku asingekuwapo wa kugonga wala wa kupelekwa kufuata dawa. Kisha wote watatu wakainamisha vichwa.

"Mtafutieni jina safi," Tabia akasema.

Mwajabu alilisikia neno hilo. Akasimama, machozi yakimtoka, akawageukia wakweze.

"Yangu nitayasema mwenyewe," akaanza.

Mama mkwe bado amemshika mtoto mikononi, anangoja. Jina ni moja, na atakayelipewa itabidi aieleze kazi yake mbele ya ukoo wote. Je, wewe unayenisikiliza, ungemwita mtoto huyu nani?