Kasuku Aliyeruka Nallakota

Katika mchezo wa vitendawili, anayeshindwa hutoa mji. Hiki kimenishinda kwa miaka mingi, kwa hiyo nautoa mji mapema. Ni Nallakota, makao makuu ya wilaya katika nyanda kavu za kusini mwa India: stendi moja ya mabasi, hospitali moja, na vitanda vya mfumi, vile vya kufumia nguo, karibu kila nyumba. Ukipita mtaa wa wafumaji asubuhi utasikia mbao zikigongana, taka-taka, taka-taka, hata watu wakizungumza huenda na mdundo huo.

Sari za Nallakota zina siri moja. Picha haichorwi juu ya kitambaa; hutiwa ndani ya uzi kabla kitambaa hakijakuwapo. Mmoja hufunga mafungu ya nyuzi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, pale ambapo rangi haitakiwi. Wa pili huyachovya. Wa tatu hufuma, na ndipo picha hujitokeza. Fundo likisogea upana wa ukucha, ndege hukosa kichwa.

Mfungaji aliitwa Yadamma, mjane asiye na mtoto. Hakutumia karatasi yenye michoro kama wenzake. Vidole vyake vilikumbuka.

Mtia rangi aliitwa Saidulu. Alijua kwa harufu ya pipa kwamba nyekundu imeiva, na hakuna aliyewahi kumwona akirudia kuchovya.

Mfumaji alikuwa Anasuya, mdogo kuliko wote, mwenye subira ya kuusogeza uzi mmoja kwa kucha kati ya maelfu, kisha mwingine, kisha mwingine.

Kila mwaka watatu hao walipewa kazi ya sari ya mungu wa kike wa mji. Desturi ilikuwa kali. Sari yenye kasoro huchomwa mbele ya ukumbi wa wafumaji. Lakini sari ikileta nakshi mpya, jina la aliyeizaa huchongwa kwenye boriti ya ukumbi, na nakshi huitwa kwa jina hilo daima. Jina moja tu, kwani nakshi ni mtoto, wasema wao, na mtoto hana mama watatu. Yadamma alikuwa na mazoea ya kusimama chini ya boriti hiyo na kuyapapasa majina. "Hawa hawakufa," alimwambia Anasuya siku moja. Hakuwa na njia nyingine ya kutokufa.

Mwaka huo nakshi ilikuwa ya zamani: kasuku mia wa kijani, wametulia katika safu juu ya nyekundu. Siku ya sikukuu sari ikakunjuliwa mbele ya watu. Mwanamke mmoja aliangusha sinia la maua, na hakuna aliyeinama kuokota. Kasuku tisini na tisa walikuwa wametulia. Mmoja alikuwa ameinua bawa na kuiacha safu.

Mzee Lingaiah, mkuu wa ukumbi, aliuliza kosa ni la nani. Yadamma akasema ni lake. Saidulu akasema ni lake. Anasuya naye akasema ni lake. Kiberiti kilikuwa tayari.

Mzee aliigeuza sari nyuma na mbele, akapitisha kidole kwenye bawa lile kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miaka sitini sijaona ndege akiruka kutoka kwenye uzi wetu. Hili si kosa. Hii ni nakshi. Nani ameizaa?"

Sasa ikabidi waeleze.

Anasuya alisema kwamba ndege alimfikia kwenye kitanda cha kufumia akiwa amevunjika, bega limepotoka. Angeweza kuzikata nyuzi zile na kuomba nyingine. Badala yake alizivuta moja moja kwa kucha, siku nne, mpaka mvunjiko ukawa bawa.

Saidulu alisema aliliona fundo limekaa vibaya kabla ya kulichovya. Haki yake ilikuwa kulirudisha kwa mfungaji. Hakulirudisha, alililegeza ukingoni ili rangi ipenye taratibu, isikate kama kisu. Ule ukungu wa kijani kwenye ncha za manyoya ulikuwa wake.

"Kwa nini hukumrudishia?" aliuliza Mzee.

Saidulu alimtazama Yadamma.

"Niseme mwenyewe, mdogo wangu," alisema Yadamma. "Sikulipotosha kwa kusudi. Sikuliona. Sioni mafundo tangu mvua za mwaka juzi."

Mwaka juzi. Wanawake walizitazama sari walizovaa, zilizofungwa na mikono isiyoona, wakatafuta kasoro, wasiione. Anasuya aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Kwa siku nne alidhani anaficha kosa la Saidulu.

Ndipo ubishi ukaanza. Wapo waliosema bila fundo lile hakuna ndege. "Basi na paka akikanyaga nyuzi achongwe jina," alijibu mfumaji mmoja. Wengine walisema kimya cha Saidulu ndicho kilichomwokoa ndege. Wengine, kwamba kimya hakifumi. Wengine walimtaja Anasuya, wakaulizwa kama anayemuuguza mtoto ndiye aliyemzaa.

Jua lilipozama baraza la ukumbi liliamua mambo matatu. Sari ivalishwe mungu wao, na boriti ipigwe randa mahali pa jina moja, pasichongwe kitu mpaka wakubaliane. Na kwa kuwa uzi ulioharibika ni miezi mitatu ya jasho la nyumba nzima, fremu ya kufungia nyuzi iondolewe nyumbani kwa Yadamma, asifunge tena.

Seremala alipiga randa. Kuichukua fremu aliagizwa Saidulu, yeye aliyeificha siri.

Aliibeba kichwani saa nne asubuhi, vitanda vya mtaa mzima vimesimama. Yadamma alimfuata hadi kizingitini, mkono ukutani.

"Angalia kigingi cha tatu," alimwambia. "Kimelegea."

Saidulu, mwenye macho yote mawili, aliishusha fremu, akakishika kigingi. Kweli kilikuwa kimelegea.

Mahali pale kwenye boriti pangali patupu. Ninyi mlionisikiliza, seremala angekuja na patasi yake leo, mngemwambia achonge jina la nani? Atakayekitegua, Nallakota ni yake.