Fimbo ya Msumarini

Msaada ulio mbali, hata uwe mzuri namna gani, haumfai mtu saa ya hatari. Ndiyo maana wahenga wakatuachia neno juu ya fimbo na nyoka. Neno hilo lilitimia katika karakana moja ya kuunda vyombo vya bati kwa umeme na maji.

Bati jembamba lilifungwa juu ya kalibu yenye umbo la beseni ndani ya tangi la chuma, kisha likafunikwa kwa maji. Umeme ulikusanywa kwanza kwenye kapasita, yale masanduku ya kijivu yaliyopangwa ukutani, halafu ukaachiwa wote kwa mpigo mmoja, ukaruka majini kati ya ncha mbili za chuma zilizounganishwa kwa uzi mwembamba wa waya. Maji yaliruka kama yaliyoshtuliwa usingizini, yakalisukuma bati kalibuni, na kufumba na kufumbua lilikuwa beseni laini la kuogeshea watoto wachanga.

Fundi mkuu alikuwa mzee mpole aliyeitwa Babu Taratibu. Kabla ya mkono wa mtu kuingia tangini, alichukua fimbo ndefu yenye ndoano ya shaba, iliyofungwa waya uendao ardhini, akagusa kapasita moja moja ili kumaliza umeme uliobaki. Fimbo hiyo ilining'inia msumarini, hatua moja tu kutoka tangini.

"Babu, bado unambembeleza nyoka wako?" wenzake walimtania.

"Chekeni tu. Nyoka huyu hang'ati mara mbili. Hana haja."

Msimamizi wa karakana alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa mchapakazi, na kila asubuhi alimsogezea mzee kiti bila kuombwa. Ila alipenda kila kitu king'ae. Siku ambayo wageni kutoka hospitali walikuwa wanakuja kutazama mabeseni, aliiondoa ile fimbo kuukuu, akaifungia kwenye kabati la stoo, ng'ambo ya uwanja.

"Baba, watadhani tunachunga mbuzi humu."

"Mwanangu, ile haikuwekwa pale ipendeze."

"Haijapotea, baba. Ufunguo ninao mfukoni."

Wageni walikwisha fika mlangoni, naye mzee aliona haya kumkemea mkwe wake mbele za watu.

Msimamizi alibonyeza kitufe. Kimya. Ule uzi wa waya ulioziunganisha zile ncha majini ulikuwa umekatika, na kapasita zilikuwa zimejaa pomoni. Mgeni mmoja alitazama saa yake.

"Ni waya tu," msimamizi alisema, kijasho kikimtoka. Alizima swichi kuu, akachukua koleo.

"Ngoja! Nipe ufunguo kwanza."

Alimpa. Mzee alivuka uwanja mbio, magoti yakimlilia. Alikuwa bado anahangaika na kufuli aliposikia mshindo mkali, kama mwamba uliopasuka. Mkwe wake hakungoja. Alidhani swichi ikizimwa, umeme nao umekwisha.

Aliporudi na fimbo mkononi, koleo lilikuwa limeyeyuka ncha. Muuguzi mmoja kati ya wageni alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimfunga msimamizi mkono kwa mtandio wake mwenyewe. Roho ilisalimika, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikupona.

Siku zote za hospitali, mzee ndiye aliyemlisha, kijiko kwa kijiko, akipuliza kwanza.

"Nisamehe, baba. Ulinionya."

"Sikukuonya vya kutosha, mwanangu. Ulimi wangu nao niliufungia kabatini."

Siku aliyorudi kazini, msimamizi hakupita ofisini. Alikwenda stoo, akaileta fimbo. Msumari ulikuwa umelegea, akaomba nyundo. Mzee akaushika msumari kwa vidole viwili, akamtazama.

"Baba, mkono wa kushoto haujazoea. Nitakuumiza."

"Gonga. Ukiniumiza, uko karibu."

Aligonga polepole, pigo kwa pigo, mpaka msumari ukashika. Fimbo ikarudi mahali pake, hatua moja kutoka tangini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtania mzee tena. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.