Kurasa za Kufungia Karanga

Wapendwa, wekeni mikoba chini mnisikilize. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa makamo, aliyevipenda vitabu kuliko usingizi wake. Miaka ishirini na miwili alishika ufunguo wa chumba cha maktaba. Kila kitabu alikivika kava la kaki kwa mkono wake mwenyewe, akakipiga muhuri wa shule, akakipa namba. Kila Ijumaa alifuta vumbi. Panya hakuthubutu, mchwa hakuthubutu. Wageni wakija shuleni walipelekwa kwanza pale, wakasimama mbele ya makabati yenye wavu wa chuma, na wote walisema neno lile lile: "Mwalimu, hongera. Utadhani vimetoka dukani leo." Naye aliinamisha kichwa kwa haya, kama mzazi anayesifiwa mtoto.

Nani kati yenu asingempenda mwalimu wa namna hii?

Basi, mwaka mmoja likaja gari limebeba vishikwambi sitini. Mnavijua, vile vibao vya kioo. Ukivigusa vinawaka, na ndani ya kimoja kuna vitabu vya chumba kizima. Mkuu wa shule, mama mmoja mchapakazi, akaita kikao. Akasema vishikwambi vinahitaji chumba chenye mlango imara na mahali pa kuchajia, na chumba ni kile kimoja tu. Vitabu vya zamani viuzwe kwa kilo.

Mwalimu akasimama.

"Mkuu, umeme ukikatika watoto watasoma nini? Kitabu hakiombi chaji. Kitabu kikianguka unakiokota, unakung'uta vumbi, unaendelea. Hicho kioo kikianguka, mmezika vitabu elfu kwa siku moja."

"Tumekusikia, mwalimu," mkuu akajibu. "Lakini dunia haitusubiri."

"Basi na ikimbie. Mimi ufunguo sitoi."

Na kweli hakutoa. Aliandika barua wilayani mara tatu. Alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema mpaka sauti ikakauka. Mwishowe aliletwa fundi, kufuli likavunjwa, vitabu vikapakiwa kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, vikaenda sokoni. Mwalimu aliegemea ukuta wa darasa la saba akalitazama guta mpaka likapinda kona. Nyumbani mkewe alimpakulia, hakugusa.

"Umefiwa?" mkewe akamuuliza.

"Afadhali ningefiwa. Aliyefiwa hupewa pole."

Tangu siku ile mwalimu akawa na kazi moja moyoni: kuviombea vishikwambi mabaya. Na vikaharibika, maana vilikuwa mikononi mwa watoto. Wiki ya kwanza kimoja kilidondoka. Wiki ya tatu kimoja kiliingiwa na uji. Asubuhi moja binti wa darasa la tano alimfuata akilia, amekumbatia kishikwambi ambacho kioo chake kimepasuka pande hadi pande, anaogopa kwenda kwa mkuu. Mwalimu akazitazama zile nyufa, akasikia utamu kifuani. Alifurahi, wapendwa. Mtoto analia, yeye anafurahi. Akasema, "Nilisema mimi," akaenda zake, akamwacha mtoto amesimama pale pale.

Je, hatujawahi kusimama alipokuwa yeye? Hatujawahi kuombea jambo la mwenzetu liharibike, ili tu ijulikane kwamba sisi tulisema kweli?

Haya. Siku ya gulio mwalimu akapita sokoni. Akanunua karanga kwa mama mmoja mwenye meza ndogo karibu na wauza vitunguu. Yule mama akapima kikombe kimoja, akazimimina kwenye karatasi aliyoikunja kama faneli, akampa. Mwalimu hakufika mbali. Aliiona ile karatasi ina muhuri. Muhuri wa shule yake, wa zambarau, alioupiga kwa mkono wake.

Akarudi mbio. Karanga zinamwagika njiani, hajali.

"Shikamoo, mwalimu," yule mama akasema. Kumbe alimjua.

Hakuitikia. "Wewe mama! Unajua hiki unachofungia karanga ni kitu gani?"

"Najua. Hicho ni kisa cha yule mfalme aliyenunua mvua. Umepata katikati yake. Mwanzo nimempa mtu asubuhi."

Mwalimu akaitazama tena ile karatasi.

"Nasoma kwanza," yule mama akaendelea, mikono yake inachambua karanga, haiachi kazi. "Wateja wakiwa hawapo nasoma ukurasa huu na huu, nikimaliza ndipo nachana. Mimi niliishia darasa la nne, mwalimu. Mwanzoni ukurasa mmoja ulinichukua siku nzima. Sasa kabla ya adhuhuri nimemaliza kumi. Kuna kimoja nimekificha chini ya gunia, sikichani mpaka nijue yule mjane alirudishiwa shamba lake au hakurudishiwa."

Machozi yakamtoka mwalimu. Aliona amepata mtu wake, mtu mmoja katika mji mzima anayejua uchungu wake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti.

"Mama, niuzie vyote vilivyobaki. Taja bei. Nitavipeleka nyumbani kwangu, nitavitengenezea kabati. Wale waliviua, mimi na wewe tutaviokoa."

Yule mama akaacha kuchambua. Akajifuta mikono kwenye kanga, akatoa kitabu chini ya gunia, akamfungulia ukurasa wa mwisho, pale penye karatasi ya mistari ya kuandika majina ya walioazima.

"Nisomee majina hapa, mwalimu."

Hapakuwa na jina hata moja.

Akatoa kingine kwenye rundo. Hapakuwa na jina. Akatoa cha tatu.

"Kurasa zake zilikuwa zimegandana," mama akasema, taratibu, bila kupandisha sauti. "Nazitenganisha kwa kisu, kama mtu anayepasua samaki. Nikajiuliza, hivi vimetoka shule au vimetoka kiwandani? Mwanangu alisoma kwenu miaka saba, mwalimu. Huwezi kumkumbuka. Akirudi nyumbani alikuwa ananiambia, mama, shuleni kwetu kuna vitabu vizuri, vimepangwa, ukisogea karibu na wavu unaona picha za juu. Namuuliza, umesoma kipi? Ananiambia mwalimu anasema mpaka unawe mikono, uje na barua ya mzazi, na kikichanika mzazi alipe. Mimi ningelipa na nini? Basi akavitazama miaka saba. Alimaliza darasa la saba anasoma kwa kubabaisha. Siku hizi jioni namsomea mimi. Mimi wa darasa la nne, kwenye karatasi za karanga."

 Mwalimu akamnyooshea zile noti.

"Niuzie, mama," akasema tena, sauti imepungua.

"Sikuuzii. Ukivichukua utavifunga tena."

Akaja mteja. Mama akachana ukurasa, akakunja, akamimina karanga.

Wapendwa, nilipoanza mlikuwa upande wa nani? Semeni kweli. Mlikuwa upande wa mwalimu, na mimi pia nilikuwa kwake. Tulimwona mpenzi wa vitabu. Kumbe alipenda kuwa mwenye ufunguo. Angewapenda watoto, yule binti wa kishikwambi asingeachwa analia. Kioo kile kilipasuka kwa kushikwa. Vitabu vyake vilibaki vizima kwa kunyimwa watu.

Sasa tuje kwetu. Mwezi uliopita baraza letu lilikaa vikao viwili, viwili kamili, kujadili kama ni halali mtu kusoma Neno kwenye simu ndani ya kanisa. Mmoja akasema simu ni dharau. Mwingine akasema vijana ndivyo walivyo. Watu walinuniana, mpaka leo wapo wasiopeana mkono. Katika vikao vile hakuna aliyeuliza swali moja jepesi: nani amesoma wiki hii? Na mimi niliyekuwa mwenyekiti sikuuliza, kwa sababu niliogopa nisije nikaulizwa.

Tuna makava ya ngozi yenye zipu. Tuna simu zenye tafsiri kumi. Tunagombania chombo kama watu wanaogombania sufuria huku jikoni hakuna unga. Na watoto wetu wanatutazama kupitia wavu, wanasema nyumbani kwetu kuna kitabu kizuri, kipo juu ya kabati, mama hataki tukiguse.

Nilitaka kusema simameni tuombe. Hapana, kaeni. Leo tusijifiche kwenye maombi. Fungueni mlichokuja nacho, karatasi au kioo, sitauliza. Kila mmoja atuambie mstari aliousoma wiki hii akiwa peke yake, bila kutumwa, na ulimfanya nini. Wangu nitausema mwisho, na msitarajie mengi.

Tuanze na benchi la mbele, la wazee wa baraza. Mzee, simama.