Kaa Waliokuja Kisimani kwa Bi Kidawa

Paukwa!

Hiyo "pakawa" gani, ya wagonjwa? Paukwa tena!

Pakawa!

Afadhali. Ninachowaambia leo hakuna mwalimu atakayewaambia, na mimi shule niliiacha darasa la tano, ikabaki inalia. Asiyeniamini anyanyuke sasa hivi. Hakuna? Basi sogezeni kuni.

Hapo zamani za kale, si kale sana, kaa walipokuwa bado wanapiga hodi, palikuwa na mkulima aitwaye Bi Kidawa. Shamba lake lilikuwa karibu na bahari: matuta ya mchicha, matuta ya bamia, na kisima kifupi. Watoto wanne walikula kwenye matuta hayo. Shamba lingine hakuwa nalo.

Mwaka mmoja mvua zikachelewa. Majirani wakanunua pampu, naye akanunua. Zikavuta asubuhi, zikavuta mchana, zikavuta jioni. Siku moja Bi Kidawa akabandika kunde. Zikachemka mpaka adhuhuri, zikabaki kokoto. Akafua, sabuni ikakataa povu. Akaenda bustanini, ncha za mchicha zimeungua kama zimepitishwa motoni. Akaonja maji. Akatema.

"Chumvi!" akasema. "Basi matamu yamekimbilia chini."

Usicheke wewe, hata wewe ungesema hivyo hivyo.

Akashika sururu, akachimba pima moja. Ndoo ikapanda na kaa ndani yake.

"Hodi," akasema Kaa. "Umeniita, nimekuja."

"Sikukuita. Nenda zako!"

Akachimba pima ya pili. Chumvi ikazidi. Kaa akaja na mkewe.

"Hodi. Umetuita, tumekuja."

"Sijawaita! Hamna masikio?"

"Hatuna. Lakini njia tunaiona."

Akachimba pima ya tatu. Viganja vikatoka malengelenge, mgongo ukagoma kunyooka. Ndoo ikapanda imejaa ukoo mzima, hadi mama mkwe.

"Hodi! Umetuita, tumekuja."

Safari hii Bi Kidawa hakufukuza mtu. Alikaa juu ya udongo, sururu mapajani.

"Haya, karibuni," akasema. "Sina cha kuwapa. Nilikuwa natafuta maji tu."

Kaa akamhurumia. "Dada, umewahi kupika mafuta ya nazi?"

"Tangu utoto."

"Mafuta hukaa wapi?"

"Juu. Maji chini."

"Basi maji matamu ndiyo mafuta. Ni ya mvua, yamelala juu ya bahari, hukohuko chini ya shamba lako. Mkivuta sana ya juu, bahari hupanda. Nawe ukaichimbia ngazi."

"Nifanyeje?"

"Fukia pima zote tatu. Chota kwa ndoo, kidogo. Chimbeni mitaro, mvua inywewe na ardhi badala ya kukimbilia baharini. Na majirani wazime pampu, maana juu mna mipaka, chini hamna. Mkifanya hivyo, masika mawili yanatosha."

"Pima tatu za mgongo wangu!" akasema Bi Kidawa. Akafukia. Koleo moja, koleo jingine, koleo jingine.

Kisha akaenda nyumba kwa nyumba.

"Nani kakuambia hayo, Kidawa?"

"Kaa."

"Na kamba anasemaje?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Kidawa alikuwa amechoka hata kukasirika. Akafunua sufuria ya kunde. "Tafuneni."

Wakatafuna. Mzee Mbwera akang'oka jino. Kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikuwa na sufuria kama hiyo nyumbani. Wakazima pampu, wakachimba mitaro.

Bi Kidawa akasubiri. Matuta yakiwa matupu, watoto wakala muhogo wa kuomba, na maji ya kunywa akayafuata kijiji cha pili, ndoo kichwani, kwenda na kurudi. Masika yakaja, akaonja, akatema. Yakaja tena na tena, akaonja, akatema. Masika ya nne sabuni ikatoa povu, naye akanywa kata nzima bila kupumua, akapanda mchicha.

Hadithi yangu imechoka kutembea, naiketisha hapa.

Mbona hamwondoki? Haya, basi. Kaa alisema masika mawili, nami nimewahesabia manne, na hakuna aliyeuliza. Wajanja wakubwa ninyi!

Kuna kipande nimekiruka. Pampu zilizimwa zote, kasoro moja. Ilikuwa nyuma ya mikorosho, kwenye shamba la matikiti. Ilikuwa yangu.

Bi Kidawa alisikia mlio wake akitoka kuteka maji. Akaja, akaitua ndoo, akakaa chini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, zima."

Nikamwambia, "Siku mbili tu, shangazi."

Nikavuta mpaka mavuno. Msimu uliofuata nikavuta tena.

Matikiti yalikuwa matamu, sikatai. Nilikuwa nakula, namwona akipita na ndoo.