Mzigo wa Tusekile

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitika kwa uvivu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogezeni miguu motoni, maana ninakowapeleka kuna baridi.

Hapo kale, wakati wanyama walikuwa hawajaona haya kusema na watu, alikuwako mwanamke mmoja jina lake Tusekile. Aliishi bondeni, kwenye migomba, pamoja na mumewe Gwakisa na binti yao wa pekee, Bupe.

Siku moja Bupe akaugua. Koo likaziba, kikohozi kikambana, homa ikapanda, hata uji ukawa haupiti. Tusekile akatoka uani, akautazama mlima, akasema kwa sauti mpaka majirani wakasikia: "Mwanangu akipona, nitakwenda kwa miguu yangu hadi Chemchemi ya Ukungu, nikaseme asante."

Bupe akapona.

Sasa, chemchemi ile ilikuwa na tabia yake. Wakati wa jua ilikuwa mawe makavu, hata nzi hatui. Ilifunguka majira ya baridi tu, ukungu ulipoketi mlimani na manyunyu yakawa hayaishi. Aliyeitaka ilimpasa alowe. Na sheria yake ilikuwa moja: mwenye nadhiri hubeba mzigo wake mwenyewe.

Majira ya baridi yakafika. Tusekile akaanza kufunga mzigo. Akaweka mkeka. Gwakisa akauliza, "Na huu je?"

"Huenda nikauhitaji."

Akaweka kinu. "Na hiki je?"

"Huenda nikakihitaji."

Akaweka shanga. "Na hizi je, mke wangu?"

"Huenda nikazihitaji."

Akafunga, akafungua, akaongeza, akafunga tena. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limetoka na chemchemi imekauka. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya ukungu, Bupe akakohoa. Kikohozi kile kile, cha koo lile lile.

Tusekile alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini polepole. "Leo naondoka," akasema.

Akafunga mkeka na kigoda, vyungu viwili, kinu na mchi wake, mashuka mazito ya pamba, ngozi ya kondoo yenye manyoya, unga wa ulezi, kibuyu cha samli, na zile shanga, ili akifika apendeze. Gwakisa akauzunguka mzigo mara moja, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Mama Bupe, unakwenda kushukuru au unahama?"

"Huko juu ni kubaya, baba Bupe. Wewe tunza mtoto."

"Mtoto nitamtunza. Ngoja angalau nikuletee punda."

Punda akaletwa. Akautazama mzigo, akautazama mlima, akasema, "Mama Bupe, mimi nadhiri sikuweka." Akarudi kula majani yake.

Basi Tusekile akajitwisha mwenyewe, akaondoka.

Mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ile mvua nyembamba isiyo na haraka, inayoingia shingoni na kushuka mgongoni. Mashuka yakanywa maji, yakawa mazito kama mtu aliyelala. Njia ilikuwa tope jekundu. Akateleza, akaanguka, akainuka. Akateleza, akaanguka, akainuka. Akateleza mara ya tatu, na safari hiyo akabaki amekaa pale pale topeni, mzigo umemlalia miguuni.

Juu ya mti mmoja mrefu, uliojaa ndevu za kuvu, alikuwa ameketi Mbega. Manyoya yake meusi na meupe yalining'inia mpaka matawi ya chini.

"Mama," akaita, "nimezaliwa mlima huu. Unaniona na kinu?"

"Sikuoni na kinu."

"Unaniona na mkeka?"

"Sikuoni na mkeka."

"Unaniona na shuka?"

"Sikuoni na shuka."

"Na bado niko hai. Tupa!"

Tusekile alikuwa amechoka, na aliyechoka hapimi maneno. Akasukuma mzigo wote chini ya mizizi ya ule mti. Kinu, mkeka, mashuka, ngozi ya kondoo, unga, kila kitu. Akabaki na nguo aliyoivaa na kiganja cha mahindi ya kukaanga alichokifunga kiunoni. Akapanda mlima anaimba.

Alipanda vizuri. Alipanda upesi. Alijilaumu kwa nini hakufanya hivyo tangu nyumbani.

Jioni upepo ukageuka. Ukatoka juu, kwenye mawe, ukaikuta ile nguo moja iliyolowa. Tusekile akaanza kutetemeka. Meno yakagongana hata akashindwa kutafuna mahindi. Akaendelea kutembea, akitaja jina la mtoto wake kwa kila hatua, Bupe, Bupe, Bupe, mpaka ulimi ukawa mzito na jina likatoka limevunjika. Kisha kutetemeka kukaacha. Akahisi joto. Akahisi usingizi mtamu. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua nguo yake, maana aliona kama yuko jikoni kwake na moto umezidi.

"Mama, usilale hapo!"

Hakujibu.

"Mama, usivue hiyo nguo hapo!"

Hakujibu.

"Jamani, huyu anakufa. Mvuteni!"

Walikuwa Pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye mawe, ukoo mzima. Wakamvuta kwa pindo, wakamsukuma kwa vichwa, wakamtia katika ufa wa mwamba pasipofika upepo. Nguo ile ya maji wakamvua humo ndani, wakaikunja pembeni. Kisha wakamlalia. Mmoja juu ya miguu, mwingine tumboni, wengine mgongoni, wengine shingoni, mpaka haonekani. Pimbi wananuka, msinidanganye kwamba hawanuki, nao wananuka mkojo. Lakini Tusekile alipozinduka na kuivuta ile harufu puani, alilia kwa furaha.

Pimbi jike mmoja mnene, mama wa wengi, akamkalia kifuani akamtazama usoni. "Nani alikutuma utembee mtupu katika baridi hii?"

"Mbega. Alisema yeye habebi kitu."

Pimbi wote wakacheka mpaka wakapiga chafya.

"Mbega! Huyo blanketi alizaliwa nalo mgongoni! Atalitua wapi? Na wewe lako liko wapi?"

"Nimeliacha chini ya mti wake."

"Nisikilize basi. Mlimani hapa mtu anataka nguo mbili tu. Moja ya kulowa, moja ya kulala. Ya kulowa utembee nayo, ilowe itakavyo. Ya kulala uifunge katika majani ya mgomba, usiifungue mpaka umepata pa kujificha. Ule mafuta, maana unga peke yake haupashi mwili. Na asubuhi," akainua kidole chake kifupi, "asubuhi ukavae tena ile iliyolowa."

"Iliyolowa? Na kavu ninayo?"

"Hapo ndipo watu wanapofia. Wanavaa kavu, inalowa, usiku hawana hata moja."

Kulipokucha Tusekile akachungulia nje. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na bonde likaonekana kwa mbali. "Nikirudi chini nitachelewa. Chemchemi itakauka."

"Itakauka ukiwa hai, au itakauka ukiwa maiti," Pimbi akasema. "Chagua wewe."

Akavaa nguo yake baridi, akashuka.

Alipofika kwenye ule mti alikuta mtu. Mwanamke kijana alikuwa ameketi kati ya mizizi, amejifunika ngozi ya kondoo, anakula unga mkavu kwa kiganja. Miguu yake ilikuwa imevimba na kupasuka.

"Mdogo wangu," Tusekile akasema, "hiyo ngozi ni yangu."

Yule akaruka akasimama. "Nisamehe, dada. Nilidhani mwenyewe amekufa."

"Alikaribia."

Kijana yule aliitwa Lugano. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto akafa kabla ya siku ya kupewa jina. Watu wa mumewe wakasema mtoto asiye na jina haliliwi, afukiwe na yasemwe mengine. Lugano akasema atampa jina. Wakamwambia akilitaja asirudi. Mumewe alikuwa amekaa pale pale, akatazama vidole vyake. Basi Lugano akatoka kama alivyokuwa, bila kanga ya pili, bila hata jani la kujikinga, akaushika mlima.

"Wanasema jina likitajwa pale chemchemini linakuwa jina kweli," akasema. Kisha akaivua ile ngozi, akaikunja vizuri, akamnyooshea Tusekile kwa mikono miwili. Chini ya ngozi alikuwa anatetemeka.

Tusekile akaishika. Ilikuwa moja. Akawaza kikohozi cha Bupe. Akawaza upepo wa jana. Alikuwa na haki ya kuichukua na kwenda zake, na alijua hakuna ambaye angemlaumu. Akaitandaza mikononi, akaupima upana wake. Kisha akauliza, "Ukilala, unalala upande gani?"

"Wa kulia."

"Vizuri. Mimi wa kushoto."

Wakafungua mzigo wote wakachagua. Chungu kimoja. Unga kiasi. Samli yote, nyingine ya kula, nyingine Tusekile akampaka Lugano miguuni palipopasuka. Ngozi wakaivingirisha katika majani ya mgomba, wakaifunga kwa kamba. Ulikuwa mzigo ambao mtoto angeweza kuubeba. Mbega akashuka mtini, akakijaribu kigoda kwa makalio yake.

"Hiki kimenikaa vizuri, mama."

"Kaa nacho."

Wakapanda. Usiku walijibana katika ufa wa jiwe, chini ya ngozi moja, mgongo kwa mgongo, wakalala. Asubuhi nguo zao zilikuwa pale walipozitundika, zinadondosha maji. Lugano akaishika yake akaanza kulia.

"Siwezi, dada. Tujifunike ngozi tutembee nayo. Leo tu."

Tusekile naye alikuwa amekwisha kuitazama ile ngozi kwa tamaa. Akaivuta nguo yake ya maji, akaivaa, akatoa mguno kama ng'ombe anayezaa. Lugano akacheka katikati ya machozi, akavaa yake.

"Inauma mpaka kilima cha kwanza tu," Tusekile akasema. "Twende."

Ikauma mpaka kilima cha kwanza. Baadaye damu ikachemka wakasahau.

Walipofika chemchemini, ukungu ulikuwa umebaki utepe mwembamba, na nyuma yake anga inaanza kuwa buluu. Maji yalikuwa yanachuruzika kama uzi kutoka katika jiwe. Mlinzi wake, Chura mzee mwenye macho ya manjano, alikuwa ameketi juu.

"Mmechelewa," akasema. "Maji haya yanatosha neno la mtu mmoja, labda mmoja na nusu. Nani anaanza?"

Lugano akarudi nyuma. "Dada, tangulia. Wako yuko hai."

Tusekile akatazama chini bondeni. Alikuwa hajui kama ndivyo. Alikuwa ameacha mtoto anayekohoa, na hakuwa amesikia habari yoyote tangu alipoondoka. Akakamata mkono wa Lugano, akamsogeza mbele.

"Wangu yuko hai," akasema. "Ndiyo maana naweza kungoja."

Lugano akainama, akatia kiganja majini. Hakulia. Akasema, "Mwanangu anaitwa Nsajigwa."

"Nsajigwa," Chura akaitikia.

"Nsajigwa," akaitikia chura wa kijito cha chini.

"Nsajigwa," akaitikia wa chini yake. Na wa chini yake, na wa chini yake, jina likashuka bonde zima, likavuka mashamba, likapita nyuma ya nyumba za wale waliokataza lisitajwe, nao wakalisikia wakiwa wamekaa kula.

Uzi wa maji ukawa matone. Tusekile akapiga magoti upesi, tone likamwangukia kiganjani. Mdomo wake ulikuwa na ganzi.

"Asante," akasema.

Chura akamkazia macho. "Hilo tu? Majira matatu ya baridi, kuleta neno moja?"

"Lilikuwa chini ya mizigo," Tusekile akajibu.

Jiwe likakauka.

Wakarudi na jua mgongoni. Bondeni, Tusekile alianza kukimbia kabla hajaiona nyumba. Akasikiliza. Hakusikia kikohozi. Akakimbia zaidi, maana ukimya una namna mbili, na yeye alikuwa hajui ni upi.

Bupe alikuwa uani, na fimbo mkononi, anafukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa. Gwakisa akatoka jikoni, macho mekundu kwa kukesha.

"Kilikoma lini?" Tusekile akauliza akihema.

"Sijui, mama Bupe. Niliamka tu nikaona nyumba imetulia. Nikaogopa. Nikamgusa, akanipiga teke."

Tusekile akamkumbatia mtoto mpaka mtoto akachoka akajinasua. Akamtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni, mikono mitupu, nguo imechakaa.

"Mama, umeniletea nini?"

Tusekile akageuka. Lugano alikuwa amesimama penye mgomba wa mwisho, hajui kama aingie au aendelee na njia, ingawa njia ya kwenda popote hakuwa nayo.

"Nimekuletea mama mdogo," akasema.

Bupe akaenda hadi pale mgombani. Akatazama ile miguu iliyopasuka, muda mrefu. Kisha akaitupa fimbo, akamshika Lugano kidole, akamwingiza jikoni penye moto.

Ngano yangu haiendi mbele ya hapo. Imeketi kwa Tusekile, inaota moto. Nami nimenyamaza.